Nyimbo za Wazungu tulizoimba bila kujua hata neno moja: mbona hazitoki kichwani?

Mzee wa Kanda

Wakuu, salaam.

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi, kichwa nimeinamisha, shuka shingoni. Redio yake ikaachia "All That She Wants" ya Ace of Base. Nina miaka 44 na sidhani kama nimeusikia ule wimbo ndani ya miaka 10 iliyopita. Ile besi yenye ladha ya rege ilipoingia tu, mguu ukaanza kutikisika wenyewe. Dada alipoanza kuimba nikamfuata kimoyomoyo mpaka mwisho, kwa Kiingereza kile kile nilichokuwa nacho darasa la sita: "olodashi wanzi, iz anaza bebi". Kinyozi akaniambia, mzee tulia, nisije nikakukata sikio.

Nyumbani Tandika baba alikuwa na redio kaseti ya National na kanda kama 20 hivi. Huo wimbo ulikuwa upande B wa kanda ya mchanganyiko aliyorekodiwa na jamaa mmoja Kariakoo. Siku moja redio ikaila ile kanda. Tukaichomoa taratibu, tukaizungusha kwa kalamu ya biki mpaka ikarudi ndani, lakini ukabaki mkunjo pale kwenye ubeti wa pili. Tangu siku hiyo wimbo ukifika pale sauti inazama kama mtu anaimba ndani ya pipa, halafu inaibuka. Leo nausikiliza kwenye simu, sauti safi kabisa, na bado pale kwenye ubeti wa pili nasubiri izame.

Nikaingia mtandaoni kuwasoma hawa watu. Ace of Base ni wa Gothenburg, Uswidi. Walimpelekea kanda ya majaribio prodyuza wa Stockholm aliyejiita Denniz PoP. Jamaa hakuvutiwa nayo. Ila kanda ikakwama kwenye redio ya gari lake, ikagoma kutoka, ikawa kila akiwasha gari anapigiwa wimbo ule ule. Siku zikaenda, ukamkaa. Akawaita studio, na mwaka 1992 ukatoka kwa jina tunalolijua. Kwa hiyo kanda ya kwao ilikwama, ya kwetu ikaliwa. Nimejisikia ndugu yao.

Denniz PoP alifariki kwa saratani mwaka 1998, lakini studio yake ya Cheiron ilikuwa imeshamlea kijana aliyetoka kwenye bendi ya roki, Max Martin. Huyo ndiye aliyekuja kuandika "...Baby One More Time" ya Britney Spears (1998), "I Want It That Way" ya Backstreet Boys (1999), akaendelea na akina Katy Perry na Taylor Swift mpaka "Blinding Lights" ya The Weeknd (2019). Kama una masikio na umeishi miaka 25 iliyopita, huyu mtu amelala kichwani kwako bure bila kulipa kodi.

Sasa angalieni maneno ya hizo nyimbo. Nani ataniambia kwenye "I Want It That Way", hiyo "that way" ni ipi? Kwenye ubeti anaitaka hivyo, kwenye kiitikio hataki kusikia mtu anaitaka hivyo. Backstreet Boys waliandikiwa hata toleo la pili lenye maneno yanayoeleweka, wakalirekodi kabisa, halafu wakarudi kwenye lile lisiloeleweka. Na ile "hit me" ya Britney, inasimuliwa kwamba Waswidi walidhani ndivyo vijana wa Marekani wanavyosema nipigie simu. Yaani walichanganya nipige na nipigie! Kundi la TLC ndio walioletewa wimbo huo kwanza, wakaukataa.

Hoja yangu ni hii. Hawa Kiingereza wamekikuta shuleni kama sisi. Neno walikuwa wanalichagua kwa jinsi linavyokaa mdomoni, maana baadaye, kama ipo. Ndiyo maana mtoto wa Tandika ambaye Kiingereza chake kiliishia "good morning teacher" aliushika wimbo sawasawa na mtoto wa Chicago. Tulikuwa tunadhani tunakosa kitu. Hatukukosa, kwa sababu ndani hamkuwa na kitu.

Nawasilisha. Mkipinga mpinge kwa nyimbo.

Besi Nzito

Umeanza vizuri ukaharibu mwisho, mkuu. Unazungumzia waimbaji kana kwamba wimbo ni mdomo tu. Kinachonasa ni kile kipande kimoja cha gitaa au besi kinachojirudia. Mwimbaji ni abiria.

"Smoke on the Water" ya Deep Purple, 1972. Maneno yake yana habari kamili kama gazeti: kasino ya Montreux, Uswisi, iliungua tarehe 4 Desemba 1971 katikati ya shoo ya Frank Zappa, na Deep Purple waliokwenda kurekodi pale wakabaki wanaangalia moshi ukitanda juu ya ziwa. Muulize mtu yeyote huo wimbo unahusu nini, hajui. Lakini mpe gitaa, hata kama hajawahi kulishika, kitu cha kwanza atakachotafuta kwa kidole kimoja ni ule mstari wa gitaa.

"Satisfaction" ya Rolling Stones, 1965. Keith Richards alisimulia kwamba aliamka usiku akaupiga ule mstari kwenye kaseti, akalala tena. Asubuhi akakuta umo kwenye kanda, na baada yake ni yeye anakoroma mpaka kanda inaisha. Mtu yuko usingizini na bado umemtoka. Hapo maneno yalikuwa wapi?

Halafu ule wa viwanjani, "Seven Nation Army" wa White Stripes, 2003. Noti saba. Watu wengi wanaapa ni besi, ni gitaa lililoshushwa sauti kwa pedeli. Mwaka huo huo mashabiki wa Club Brugge wa Ubelgiji wakauokota walipokwenda Milan, ukarudi nao nyumbani. Mwaka 2006 Roma wakakutana na Brugge, wakauokota wao. Miezi michache baadaye Italia inachukua Kombe la Dunia kule Ujerumani na nchi nzima inaimba "po po po po po". Wimbo una beti na kisa, viwanjani imebaki "po".

Mzee wa Kanda

Besi Nzito, sasa wewe unanipinga au unaniunga mkono? Umesema mwenyewe imebaki "po".

Besi Nzito

Nakupinga kwa kukuunga mkono.

Binti Shangani

Mnazungumza viwanja na mikono ya watu bila kumtaja mwenyeji wetu? Haya basi. Farrokh Bulsara, kazaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, kasomeshwa skuli ya bweni India, 1964 wazee wake wakahamia Uingereza, dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Wageni wanakuja Mji Mkongwe kupiga picha mlangoni, nasi wengine tumekua tunapita pale kwenda kununua mkate wala hatujui.

Lakini mie sitaki kumsifu yeye leo, nataka kusema habari ya "We Will Rock You" (1977), ambayo kaitunga mpiga gitaa wao, Brian May. Sikilizeni tena: mule hamna ngoma hata moja. Ni miguu na makofi. Walikuwa wamepiga shoo Stafford, watu wakawa hawanyamazi, wanawaimbia wao badala ya kuimbiwa, ndipo May akafikiri: umati umebanana hivi unaweza kufanya nini? Kukanyaga chini na kupiga kofi. Basi wakaenda studio wakakanyaga mbao. Naye ni mtu wa fizikia, akazirudia zile sauti kwa kuzichelewesha kwa vipimo vya namba tasa ili zisisikike kama mwangwi, zisikike kama watu elfu. Dakika mbili na gitaa linakuja mwisho kabisa.

Ndiyo maana mtoto wa miaka mitatu anaujua. Hana haja ya ulimi, ana miguu.

Hilo neno lako la "ndani hamkuwa na kitu" lakini ulifute. Mie nilipomsikia mara ya kwanza kwenye "Bohemian Rhapsody" akasema "Bismillah", nilikuwa jikoni na mwiko mkononi. Nilisimama. Neno moja tu nililolijua katika dakika karibu sita, na ndilo lililonishika nikasikiliza mpaka mwisho.

Chali wa Nakuru

Hamjambo ndugu zangu wa Bongo na Zenji. Huku kwetu Bonde la Ufa hiyo hoja ya Mzee wa Kanda haiwezi kupita hata mlangoni, kwa sababu sisi ni watu wa kantri. Jim Reeves, Kenny Rogers, Don Williams, Dolly Parton. Kantri ni hadithi. Mama yangu hakumaliza hata darasa la nne, lakini "The Gambler" alikuwa anajua kuna wazee wawili kwenye treni na mmoja anamfundisha mwenzake karata. Alituuliza sisi tuliosoma, tukamweleza mstari kwa mstari, akaushika. Akawa anamwambia baba akitaka kununua ng'ombe wa deni: "jua wakati wa kukunja karata."

Na kutojua maneno kuna hasara yake. Siku ya harusi yangu DJ mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa bado namdai, alitufungulia dansi ya kwanza kwa "I Will Always Love You" ya Whitney Houston. Ukumbi wote simu juu, shangazi wanalia. Huo wimbo Dolly Parton aliuandika akimuaga Porter Wagoner, mtu aliyekuwa akifanya naye kazi, kwamba nakuheshimu lakini naondoka. Mstari kwa mstari ni kwaheri! Elvis alitaka kuurekodi, meneja wake akadai nusu ya haki za uchapishaji wa wimbo, Dolly akakataa huku analia. Mwaka 1992 Whitney akaurudia, ukakaa namba moja Marekani wiki 14, na Dolly bado ana karatasi zake mkononi.

Ndoa yangu ilikaa miaka minne. Silaumu wimbo. Lakini tuliambiwa mapema.

Fundi Redio

😂😂 Chali pole sana.

Mimi nina jibu fupi. Nyimbo zimekaa kichwani kwa sababu zilirudiwa. Redio ilikuwa moja, hukuwa na pa kuhamia, na mwenye kaseti alikuwa na kanda zile zile mwaka mzima. Hata Denniz PoP wenu hakuupenda wimbo mpaka gari lilipomlazimisha. Uwe mzuri au mbaya, ukiusikia mara mia utakuingia.

Mfano, Boney M. Krismasi gani mliwahi kula bila "Mary's Boy Child"? Na "Rivers of Babylon" (1978), bibi yangu alikuwa anaujua kwa sababu ni Zaburi ya 137, "kando ya mito ya Babeli". Kwake ile ilikuwa kwaya. Nisingethubutu kumwonyesha video ya Bobby Farrell akicheza kifua wazi. Na huyo Farrell kwenye santuri haimbi. Ile sauti nzito ni ya prodyuza wao Mjerumani, Frank Farian. Wimbo wenyewe wa Wajamaika, The Melodians, wa 1970. Kwa hiyo Mwebrania kaandika, Mjamaika kaimba, Mjerumani kauza, na bibi yangu wa Iringa kausikiliza kama ibada.

Mzee wa Kanda

Fundi, kurudiwa peke yake hakutoshi. Kanda ya baba ilikuwa na nyimbo 12 na zote zilipigwa idadi ile ile. Ninazokumbuka ni nne. Nane zimekwenda wapi?

Kwa Chali nimekubali, kantri nimeitoa kwenye hoja yangu. Na Binti Shangani, neno nimelifuta nusu.

Dereva wa Arusha

Wakuu mimi nawapeleka watalii. Karibu kila safari kuna mgeni ataunganisha simu yake kwenye spika ya Land Cruiser tukishaingia Serengeti, na mjue wimbo ni upi. "Africa" ya Toto, 1982. Mule ndani wanaimba Kilimanjaro ikichomoza juu ya Serengeti kama mlima wa miungu ya Wagiriki.

Mwaka juzi mama mmoja karibu na Seronera kasimama, kichwa kimetoka juu ya paa, darubini machoni, anazungusha pande zote. Nikamuuliza anatafuta chui? Akasema hapana, Kilimanjaro. Nikamwambia mama, mlima uko zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, na katikati kuna nyanda za juu za Ngorongoro. Akashusha darubini, akaniangalia kama mimi ndiye niliyeuhamisha. "Sasa kwa nini waliimba hivyo?"

Waliimba hivyo kwa sababu mtunzi, David Paich, alikuwa hajakanyaga Afrika. Alikuwa na picha za kwenye televisheni na majarida. Na ule mstari ukiusikiliza vizuri maneno yamejaa kupita kipimo, Kilimanjaro imebanwa kama abiria wa mwisho kwenye daladala, mlango haufungi. Bado wageni wote wanaimba kwa sauti, na mimi naimba.

Ninachotaka kusema, mnajadili sisi tulivyoimba chao bila kuelewa. Wao nao wamefanya hivyo hivyo. "Liberian Girl" ya Michael Jackson, kwenye albamu ya 1987, inafunguliwa na sauti ya Letta Mbulu akisema "nakupenda pia, nakutaka pia, mpenzi wee". Msichana wa Liberia anabembelezwa kwa Kiswahili! Liberia na Kiswahili wapi na wapi. Lionel Richie kwenye "All Night Long" (1983) ana sehemu nzima ya maneno ya "Kiafrika" aliyoyabuni mwenyewe, hayana maana popote, humo kuna na "jambo". Na kwenye "Wanna Be Startin' Somethin'" ya Michael Jackson kile kiitikio cha mwisho kimetoka kwa Manu Dibango wa Kameruni, "Soul Makossa" ya 1972, mpaka wakafikishana kwenye madai. Wazungu na Wamarekani wanakiimba harusini na hawajui makossa ni nini.

Olodashi wanzi yao hiyo.

Binti Shangani

Nimecheka mpaka paka kakimbia. Na Boney M. nao waliimba "Malaika" na ile "Jambo" ya Them Mushrooms wa Mombasa. Sikilizeni matamshi yao halafu mje mnicheke mie na Kiingereza changu.

Kizazi Kipya

Wazee shikamooni. Nyimbo mlizotaja nyingi zimetoka kabla sijazaliwa na nazijua zote, kwa hiyo kwenye kurudiwa Fundi hayuko mbali.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, uliotoka mwaka 2016. Waliuliza watu kama 3,000 ni wimbo gani unaowaganda. "Bad Romance" ya Lady Gaga ilikuwa juu, ikafuatiwa na "Can't Get You Out of My Head" ya Kylie Minogue, halafu "Don't Stop Believin'" ya Journey. Wakakuta zinafanana mambo kadhaa: mwendo wa haraka, melodi inayopanda na kushuka kwa njia ambayo sikio limeizoea kama nyimbo za watoto, halafu ndani yake kuna mruko au marudio fulani usiyoyategemea. Yaani akuzoeshe halafu akushtue kidogo. Kwa hiyo Mzee wa Kanda, zile nne zako huenda zilikuwa na huo mshtuko, na nane hazikuwa nao.

Na dawa ipo. Chuo Kikuu cha Reading mwaka 2015 walijaribu, wakakuta mtu akitafuna bigijii baada ya kusikia wimbo, haumrudii sana kichwani. Kwa sababu kumbe ukiukumbuka wimbo unakuwa unauimba mdomoni bila sauti, sasa mdomo ukiwa na kazi unashindwa.

Besi Nzito

Wiki hii nanunua bigijii. Tangu jana niko na "po po po".

Baridi Kali

Niko Gothenburg mwaka wa 11 huu, mji wa Ace of Base. Mnaosema Waswidi wana uchawi, njooni Jumatano saa tisa alasiri muone binti yangu anavyoburuta tromboni kwenye theluji. Hapa manispaa zina shule za muziki za watoto, ada ndogo, na ala unaazimwa. Ndiko alikopita hata Max Martin, na amesema mwenyewe bila hizo asingefika. Wengi wanaishia kuwa mafundi bomba na walimu, lakini ukichukua mji mzima ukaufundisha kusoma noti, lazima wawili watatu watakusumbua kichwani maisha yako yote.

Kuhusu maneno, Mzee wa Kanda yuko sahihi zaidi ya anavyojua. Wenyeji hapa wanaongea Kiingereza kizuri sana, lakini hawakionei aibu. Muingereza akiandika mstari wa kijinga anajisikia mjinga. Mswidi haoni tatizo, kwake ni sauti. ABBA walishinda Eurovision 1974 kule Brighton kwa wimbo unaofananisha mapenzi na Napoleon kushindwa vita. Mpelekee wazo hilo mtu wa London uone kama atakuandikia.

Mgeni Hapa

Samahani kuingilia, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Kuna wimbo naotafuta tangu kaka yangu alipoondoka na kanda mwaka 1997. Sijui mwimbaji, sijui neno hata moja. Unaanza ngoma, halafu kinanda kinakimbia haraka haraka, ti-ti-ti ti ti, ti ti-ti-ti. Kijana anaimba kawaida tu, lakini kwenye kiitikio anapanda, anapanda, anapanda, mpaka juu kabisa kama mwanamke. Kaka alikuwa anajaribu kumfuata na kila mara sauti inamkatika pale juu, mama anagonga ukuta. Sisi tuliuita "Tekoomii". Nimeutafuta kwa jina hilo sijapata kitu.

Besi Nzito

"Take On Me", a-ha. Usitafute tena.

Baridi Kali

Wanorwei hao, majirani. Walitoa wimbo mwaka 1984, hakuna aliyeujali. Wakaurekodi upya, wakatengeneza video ile ya mchoro wa penseli, binti yuko mgahawani na mkono unatoka kwenye katuni kumvuta. Oktoba 1985 ukawa namba moja Marekani. Kile kinanda Magne Furuholmen alikibuni akiwa bado kijana mdogo, kabla bendi haijawa na jina hilo. Na mngewauliza Waingereza, "take on me" wenyewe hawasemi hivyo. "Tekoomii" yenu haiko mbali na ya kwao.

Mzee wa Kanda

Mgeni usituache hewani. Ndio wenyewe?

Mgeni Hapa

Ndio wenyewe. Nimeusikiliza mara sita, chai imepoa.

Nimemtumia kaka, yuko Mwanza siku hizi, sikuandika kitu, nimetuma wimbo tu. Amenijibu kwa ujumbe wa sauti wa sekunde 14. Hasemi kitu, anaimba. Amefika pale juu imekatika pale pale.